Maharage Manne ya Waitara

Wanakijiji wenzangu, jambo hili nimekaa nalo miaka mingi. Leo nalitoa kwa sababu juzi niliwaona vijana wamekaa duara nyuma ya ghala, karata mkononi, wakacheka waliponiona. Wacheke. Nitakayowaambia sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na karata nilizigawa mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, huku juu ya Turwa. Nyumba zetu zilikuwa bado mpya na zimepangwa mistari, na kila mtu alikuwa akisikia jirani yake anapokohoa. Nilipita kwa rafiki yangu Waitara nikielekea kanisani. Mkewe, Wegesa, alikuwa akichemsha maziwa. Binti yao Mokami alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa maharage mapajani, akichambua kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umefungwa banzi mbili na vipande vya kanga.

"Shikamoo, tata Joram," akaniambia. Kwetu rafiki wa baba naye ni baba.

"Marahaba, mwanangu. Mkono?"

"Unapona. Angalau vidole vinanisikia sasa."

Akatabasamu. Kuku walikuwa wakidonoa vumbi miguuni pake, maziwa yakaanza kupanda, Wegesa akayawahi. Nilisimama pale nikaona raha tu, kama mtu aliyekuta nyumba yenye amani. Kumbe amani ile ilikuwa imebakiza siku tatu.

Mokami alikuwa ameolewa upande wa Serengeti miaka mitatu kabla. Mumewe alikuwa mpigaji. Alimpiga mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu akauvunja mkono wake kwa mpini wa jembe. Binti wa watu akatembea siku mbili, mkono umening'inia, mpaka kwa baba yake. Ninyi mnajua mila yetu inasemaje. Mwanamke akitaka kutoka kwa mume, ng'ombe wa mahari warudi. Wasiporudi, yeye ndiye anayerudi.

Kwa bahati njema, ng'ombe wa Mokami walikuwepo. Walikuja kumi na wawili, na Waitara hakuwatumia, kwa sababu walikuwa wa kumwolea mke kaka wa Mokami, Simoni, ambaye wakati huo alikuwa jeshini. Wakwe walipotumiwa habari walijibu bila ugomvi kwamba watakuja Jumatano. Wakae wazee wa pande zote, kikao tunachokiita ritongo, wahesabu ng'ombe kumi na wawili, kisha mwanamke awe huru. Wazee wote wa kijiji walipumua. Mzazi gani kwetu alikuwa na ng'ombe wa mahari wakiwa kamili mpaka mwaka wa tatu?

Lakini hawakuwa kamili. Kwenye zizi walikuwa kumi.

Wegesa alikuwa ameambiwa kwamba wawili waliobaki wamepelekwa kwa rafiki, upande wa Natta, kulishwa huko kwenye majani. Hilo ni jambo la kawaida kwetu. Mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote zizi moja. Ugonjwa ukija, anabaki na mbegu. Kwa hiyo mwanamke hakuuliza, na hapo ndipo Waitara alipojificha. Alichukua desturi nzuri ya wazee akaifanya blanketi la kufunikia kamari.

Wawili hao walikuwa wameliwa kwenye karata. Sasa lazima niseme karata zilikujaje, hata kama naona haya.

Mimi nilikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii huko Natta. Wageni walipenda mchezo unaoitwa poka, nami niliwapelekea chai nikiwa nawaangalia mpaka nikaujua. Niliporudi nyumbani nilirudi na pakiti ya karata, nikajiona nimeleta maendeleo. Mchezo wenyewe ni huu. Kila mtu analeta ng'ombe mmoja, anapewa maharage hamsini. Kwa kila mgao, kabla hujaona karata, unatoa mchango wa maharage katikati. Unapewa karata tano, unabadilisha usizozitaka, kisha unaongeza maharage au unazitupa. Aliyeishiwa anatoka. Anayebaki peke yake na maharage yote anachukua ng'ombe wote. Na ili mchezo usilale, mchango unaongezeka maradufu kila baada ya muda.

Mimi nilikuwa mgawaji. Nilikuwa napata mbuzi mmoja wa ujira kwa kila mchezo, na nilikuwa na sheria moja niliyoitoa kambini: mgawaji hasemi. Mchezaji akikosea, mgawaji anatazama pakiti iliyo mkononi mwake.

Basi asubuhi ile Waitara akatoka ndani, amevaa koti lake la kanisani. Akachukua kopo, akalijaza maharage kutoka kwenye ungo wa Mokami.

"Unayapeleka wapi?" Wegesa akauliza.

"Kuna mtu anataka mbegu."

Mokami akamsaidia kuchota. Akatoa na yaliyotobolewa na wadudu, ili baba yake asimpelekee mtu mbegu mbaya. Nilitazama pembeni. Waitara na mimi tulitahiriwa msimu mmoja, na mtu wa rika lako hafichuliwi mbele ya mke wake. Ndivyo nilivyojiambia.

Baada ya ibada Wegesa alinifuata nje ya kanisa. Hakuwa na salamu.

"Joram, nimeuliza watu waliotoka Natta. Yule rafiki yake hana ng'ombe yetu hata moja. Hajawahi kuiona." Akangoja nijibu. Nikageukia mlango wa kanisa. "Sawa. Mimi naenda kwa shemeji Nyangwine sasa hivi, nikalale njiani. Nitamwomba mbili. Nitapiga magoti kama ni lazima."

Nyangwine ni kaka mkubwa wa Waitara, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Nilimwona Wegesa anakwenda hivyohivyo na nguo zake za ibada, viatu mkononi. Nikashukuru Mungu kwamba kuna mtu mwenye akili katika nyumba ile. Nikakimbia kumwambia Waitara aache kucheza, maana wokovu umeshatafutwa.

Nilimkuta njiani kuelekea mahame ya baba yake, yaani boma lao la zamani tulilolihama. Paa lilikuwa limebaki nusu, kuta zimesimama. Tulichezea humo kwa sababu mwenyekiti wa kijiji hakufika huko. Tena, niwakumbushe wazee, ndani ya nyumba ileile ndimo mahari ya Mokami ilipozungumzwa.

"Mura, leo usicheze," nikamwambia, kama tunavyoitana wanaume wa rika moja. "Wegesa amekwenda kwa kaka yako kuomba ng'ombe mbili."

Nilidhani atafurahi. Uso wake ukabadilika kama nimempiga kofi.

"Amekwenda kumwambia kaka nini? Kwamba nimefanya nini?"

"Amekwenda kuomba tu."

"Hakuna kuomba tu! Kaka atauliza zile mbili ziko wapi. Halafu kila mwaka, kila sikukuu, ataniuliza mbele ya watoto wake." Akaanza kutembea haraka. "Naweka moja, nashinda sita. Kaka akifika nitamwonyesha zizi limejaa, arudi na zake. Wewe njoo ugawe."

Ndugu zangu, hebu niambieni ninyi mngefanya nini. Habari niliyompelekea ili imzuie ndiyo iliyomsukuma. Nilimfuata nyuma, pakiti ya karata mfukoni.

Wachezaji walikuwa sita pamoja na Waitara. Mmoja wao, Mwikwabe, alikuwa mchunga ng'ombe mwenye maneno mengi na bahati nyingi. Ng'ombe sita walikuwa wamefungwa nje kwenye miti ya zizi la zamani, na wa Waitara alikuwa jike wa madoa, mmoja wa wale wa mahari. Mbuzi wangu naye alikuwepo, amefungwa mlangoni, ananitazama. Jua lilikuwa likiingia kwenye tundu la paa na kuchora duara ukutani. Nilikuwa nimechora alama nne za mkaa, na kila duara lile likivuka alama, mchango unapanda: haragwe moja, mawili, manne, manane.

Nikahesabu maharage ya Mokami, hamsini kila mtu. Masafi, mekundu, hakuna hata moja lililotobolewa.

Waitara alicheza vibaya tangu mwanzo. Alikuwa na haraka, kila karata aliifuata. Jua halijavuka alama ya pili, maharage yake yalikwisha. Nikapumua, nikadhani yamekwisha yote. Ng'ombe mmoja ameondoka, wamebaki tisa. Nyangwine akileta wawili watakuwa kumi na mmoja, na mmoja tutamtafuta hata kwa kuchangishana.

"Naongeza ng'ombe," akasema.

Sheria iliruhusu, kabla ya alama ya tatu. Sheria yangu! Alituma mtu akamlete mwingine kutoka zizini kwake. Nikafungua mdomo. Mwikwabe akaniona.

"Mgawaji hasemi," akasema, akicheka. Wote wakacheka. Nami nikafunga mdomo, nikahesabu hamsini mengine kutoka kwenye kopo.

Mara hii Waitara alikwenda upande wa pili. Aliogopa. Wawili walitoka, wakabaki wanne, na jua lilipovuka alama ya tatu yeye alikuwa na maharage ishirini na manne wakati mchango ni manne. Wenzake kila mmoja alikuwa na kilima mbele yake.

Nilikuwa nimewaona wageni wengi kambini katika hali hiyo, kwa hiyo naijua. Mtu mwenye maharage ishirini na manne, na kila mgao unamla manne, hana mchezo mrefu. Ana migao sita. Ajipange au asijipange, akae kimya au aongee, anapungua. Kitu pekee anachoweza ni kupata karata za wastani, asizisubiri ziwe nzuri sana, aweke yote mara moja wakati maharage yake bado yanaweza kumtisha mtu. Akingoja, analiwa akiwa amekaa.

Waitara alingoja.

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, karata zake naziona. Mgao wa kwanza hakuwa na kitu. Ishirini. Wa pili nilimpa tisa mbili, akazitazama muda mrefu, akazitupa. "Hazitoshi," akajisemea. Kumi na sita. Wa tatu hakuna kitu. Kumi na mawili. Wa nne hakuna kitu. Manane. Mikono yake ilikuwa imeanza kukusanya yale maharage na kuyatawanya, kuyakusanya na kuyatawanya, kana kwamba yataongezeka kwa kupangwa upya.

Mgao wa tano nilimpa wafalme wawili. Niliona shingo yake ilivyokakamaa. Nilisali, Mungu anisamehe, nilisali juu ya karata. Weka, Waitara, nikasema moyoni, weka yaliyobaki yote. Mwikwabe akasukuma konzi ya maharage katikati, kwa kishindo. Waitara akamtazama, akatazama maharage yake manne aliyobaki nayo baada ya mchango. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

"Nikiweka haya sina kitu," akasema.

Akatupa wafalme.

Mwikwabe akageuza karata zake ili wote tuone. Hakuwa na lolote, hata mbili zinazofanana. Alicheka mpaka akakohoa.

Na duara la jua likavuka alama ya nne. Mchango ukawa manane, na Waitara alikuwa na manne. Akayasukuma yote katikati, bila kuchagua tena. Nikagawa. Nataka mnisikilize hapa. Katika mgao huo alipata malkia watatu. Siku nzima hapakuwa na karata nzuri kama zile. Aliziweka chini, akashinda, akaruka, akanikumbatia. Lakini mwenye maharage manne anaweza kushinda manne tu kwa kila mtu. Alipata kumi na sita, migao miwili. Wa kwanza ukala manane, wa pili ukachukua yaliyobaki. Malkia watatu walikuja alipokuwa hana tena cha kuweka nyuma yao.

Waitara alinyanyuka. Alichukua kopo tupu, akaenda nyumbani. Mimi nilibaki nikagawa mpaka Mwikwabe aliposhinda ng'ombe wote, kisha nikafungua mbuzi wangu, nikaondoka naye. Ndiyo, nilimchukua. Niliwaambia kwamba naona haya.

Jumanne jioni Nyangwine akafika. Mzee yule, na magoti yake mabovu, alikuwa ameswaga ng'ombe wawili kutoka kwake, wanono, Wegesa akitembea nyuma yao. Hakumtukana mdogo wake. Hakuuliza chochote. Aliwaingiza zizini, akasimama, akahesabu. Akahesabu tena.

"Mama Simoni aliniambia mna kumi," akasema. "Mbona, ukitoa zangu, naona nane?"

Waitara alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Wegesa akamtazama mumewe, akatazama kopo tupu lililokuwa karibu na mafiga, akaelewa. Alikaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe. Hakulia. Afadhali angelia.

"Nilikuwa nazo," Nyangwine akawa anarudia kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nazo mbili. Angekuja yeye mwenyewe mwezi uliopita, ningempa. Mimi ni kaka yake, ningekataa vipi?"

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mwikwabe kabla jua halijapanda. Nilimwomba atuazime wale wawili wa Waitara, alipwe hata watatu baadaye. Hakuwa na hasira.

"Nimezishinda mbele yako, Joram," akasema. "Wewe ndiye uliyegawa."

Nikarudi njia niliyojia.

Ritongo ilikaa saa nne. Wakwe walikuja watu saba, na mume mwenyewe amekaa nyuma, mpole kama kondoo. Mzee wao alihesabu kwa fimbo yake. Kumi.

"Tulileta kumi na mbili," akasema.

Nyangwine alisimama kwa shida. Akaomba wavumilie mpaka mavuno, akaweka ukoo mzima kuwa dhamana.

"Tungevumilia, mzee mwenzangu," yule mkwe akajibu. "Lakini yule jike wa madoa tumempita asubuhi hii njiani, kwenye zizi la mtu mwingine. Tumeuliza. Tumeambiwa amefikaje huko. Sasa hizi kumi tukiziacha hapa mpaka mavuno, tutakuta ngapi?"

Hakuna mzee wa upande wetu aliyeinua kichwa.

"Kama mwanamke anangojea ng'ombe zitimie," akaendelea, "basi angojee kwa mumewe."

Wegesa akapiga kelele kwamba twende Bomani, mahakamani, wakauone mkono wa mtoto. Alikuwa na haki, na leo nasema kwa sauti kwamba tungekwenda. Siku ile tulitazamana. Kila mmoja alingoja mwingine ainuke kwanza, na hakuna aliyeinuka. Waitara aliita jina la binti yake mara moja, basi.

Mokami alifunga vitu vyake kwa mkono mmoja. Havikuwa vingi. Akapita akiaga kila mtu kwa adabu, hata baba yake alimpa mkono. Alipofika kwangu alisimama.

"Tata Joram, nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa ukigawa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Uliona maharage yake yanakwisha?"

"Niliona."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mgawaji hasemi.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtoto anayeelezwa hesabu asiyoielewa, akageuka na kuwafuata. Alitembea nyuma ya mumewe mpaka walipopinda kwenye shamba la kijiji la pamba. Mwaka uliofuata Nyangwine na ukoo walitimiza ng'ombe wale wawili, wakawapeleka. Walikuta kaburi, na majani yameshaota juu yake.

FUNZO

Ninyi vijana wa nyuma ya ghala, kwanza kabisa tupeni karata hizo. Msiniambie mnacheza vizibo tu. Sisi tulicheza maharage.

Ng'ombe wa mahari si mali ya baba. Ni njia ya binti ya kurudi nyumbani siku akivunjwa mkono. Anayeicheza kamari anafunga njia hiyo akiwa upande wa ndani, na mtoto yuko nje.

Na wewe uliyepotelewa na kidogo, usikae ukingoja karata nzuri ili urudishe kimyakimya, watu wasijue. Unapongoja, unapungua. Waitara hakuangamizwa na wale wawili wa kwanza. Aliangamizwa na aibu ya kuwataja. Nenda kwa kaka yako, kwa dada yako, kwa balozi wako wa nyumba kumi, useme nimekosea, ukiwa bado na kumi zizini. Msaada unaokuta nane hautoshi.

La mwisho ni langu mwenyewe. Mwaka ule mvua zilipokuja nilipita kwenye mahame, nikakuta maharage yale tuliyoyadondosha yameota ndani ya nyumba, yamestawi, yana maua. Mbegu zilikuwa safi, alizichambua Mokami mwenyewe. Nilikaa kizingitini nikalia peke yangu. Ukimwona mwenzako anaishiwa, sema. Sheria yoyote inayokuambia unyamaze wakati huo, ivunje.